Kwa nini Kiingereza hakiishiwi maneno ya kulewa

Usiku wa tarehe 20 Julai 1983, naibu waziri mmoja wa Uingereza, Alan Clark, alisimama bungeni kuwasilisha hoja ya serikali kuhusu usawa wa malipo kati ya wanawake na wanaume. Alikuwa ametokea kwenye hafla ya kuonja mvinyo, na alichoonja hakikuwa kidogo; baadaye alikuja kukiri mwenyewe katika shajara zake alizozichapisha. Upande wa upinzani aliketi Clare Short wa chama cha Labour, mbunge mgeni aliyechaguliwa mwezi uliotangulia tu. Short akainuka. Kanuni za Bunge lile zinamkataza mbunge kusema kwamba mwenzake amelewa, naye hakujifanya hazijui. Alisema wazi kwamba anafahamu hairuhusiwi kusema mbunge mwenzake amelewa, kisha akasema anaamini kwa dhati kwamba waziri yuko "incapable".

Ukumbi ukalipuka. Ukilifungua neno hilo kwenye kamusi utakuta maana yake ni asiyeweza, asiyejimudu, na hakuna pombe yoyote ndani yake. Lakini polisi wa Uingereza wana kosa linaloitwa "drunk and incapable", yaani kulewa mpaka mtu hajiwezi, na kila aliyekuwa mle ndani alijua kwamba Short ameimeza nusu ya kwanza ya msemo na kuitamka nusu ya pili. Kwa lugha ya Bunge la Dodoma tungesema alishafuta kauli kabla hajaitoa.

Anayejifunza Kiingereza darasani, Morogoro au Kisumu, hupewa neno moja la hali hiyo, "drunk", na mtihani anaufaulu. Siku akifika kwa wenye lugha ndipo anagundua kwamba wenyewe wanalikwepa. Askari analitumia, hakimu analitumia. Marafiki waliotoka baa usiku wanasema walikuwa "hammered", "plastered", "legless", "steaming", "wrecked", na mgeni anabaki akitabasamu bila kujua kama wenzake walipigwa, walikatwa miguu au walichemshwa. Kwa hiyo swali si maneno haya yana maana gani, kwa sababu yote yana maana ile ile moja. Swali ni kwa nini yako mengi kiasi hicho, na kwa nini Mwingereza akizuliwa jipya leo hii analielewa papo hapo.

Orodha za zamani

Kuyakusanya maneno haya ni mchezo wa siku nyingi. Mwaka 1592 mwandishi wa London aitwaye Thomas Nashe aliwagawa walevi katika aina nane na wengi wao akawapa majina ya wanyama. Yuko mlevi nyani, huyo anaruka, anaimba na kucheza. Yuko mlevi simba, anayerusha vyungu na kutafuta wa kupigana naye. Mlevi nguruwe ni mzito, mwenye usingizi, na bado anadai kuongezewa kidogo. Mlevi kondoo anajiona mwenye hekima kubwa wakati hata neno moja halimtoki sawasawa. Yeyote aliyewahi kukaa kilabuni mpaka saa nne usiku anawafahamu wote hao kwa majina yao halisi.

Orodha iliyotia fora ni ya Benjamin Franklin, yule yule wa umeme na wa uhuru wa Marekani. Tarehe 13 Januari 1737, katika gazeti lake la Pennsylvania Gazette kule Philadelphia, alichapisha kamusi ya mnywaji yenye misemo zaidi ya 200 iliyopangwa kwa alfabeti. Alisema ni misemo ya baa, na ukiisoma unaamini. Mlevi kwa watu wa Philadelphia alikuwa mtu ambaye "anaona miezi miwili". Au "kiatu kinambana". Au "bendera yake iko nje". Au "mfalme ni binamu yake". Au "anaelekea Yerusalemu". Au "alikuwa Barbados", na huo hauhitaji maelezo marefu, kwa kuwa ramu ya enzi zile ilitoka Barbados. Mwingine unasema mtu huyo "amekula chura mmoja na nusu asubuhi". Sijui nani alimpima yule chura wa pili.

Kinachonivutia zaidi ni utangulizi wake. Franklin anasema maovu mengi yana bahati ya kujificha nyuma ya fadhila inayofanana nayo: bahili hujiita mwangalifu wa mali, mbadhirifu hujiita mkarimu. Ulevi, anasema, hauna fadhila hata moja unayofanana nayo, kwa hiyo hauna pa kuazima jina. Unabaki kuzungukazunguka kwa misemo ya mbali. Ni maelezo ya mtu aliyeelewa lugha inavyofanya kazi, na karibu miaka 300 baadaye bado ni sehemu kubwa ya jibu.

Baada yake wamekuja wengi. Mmarekani Paul Dickson alikusanya kwa miongo kadhaa mpaka akafikia karibu maneno na misemo 3,000, na Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wakamtambua kwa rekodi hiyo. Wataalamu wawili wa isimu huko Ujerumani, Christina Sanchez-Stockhammer na Peter Uhrig, nao walipofanya uchambuzi wao walipata orodha ya maneno 546. Pengo kati ya 546 na 3,000 lisikushtue. Dickson anapokea chochote kilichowahi kuandikwa, hata utani wa mtu mmoja uliosikika mara moja ukafa. Wengine wanataka neno liwe na wasemaji. Lakini ukweli ni kwamba orodha ya namna hii haiwezi kufungwa, na sababu yake haiko kwenye maneno. Iko kwenye sentensi.

Kalibu moja, matofali yasiyoisha

Mchekeshaji wa Uingereza Michael McIntyre ana utani maarufu kuhusu jambo hili. Anasema Waingereza wa tabaka la juu wanaweza kuchukua neno lolote la lugha yao na kulifanya limaanishe kulewa, na mfano wake ni "gazeboed". Gazebo ni kile kibanda cha bustanini cha kukaa kivulini. Hakina uhusiano wowote na pombe. Hata hivyo mtu akisema "I was utterly gazeboed last night", hakuna Mwingereza atakayeuliza alifanywa nini na kibanda. Hata "carparked", kutoka maegesho ya magari, inapita.

Wale Wajerumani wawili waliuchukua utani huo kwa uzito na kuuliza unawezekanaje. Jibu lao ni kwamba kuna kalibu. Weka mtu, weka kitenzi cha "kuwa" au "kupata", weka kielezi cha kukazia kama "totally", "completely" au "utterly", kisha weka neno lolote linaloishia na "-ed". Ongeza mazingira: Jumamosi usiku, kikao cha marafiki, kichwa kinauma. Kazi yote ya maana imeshafanywa na kalibu pamoja na mazingira, na neno lenyewe ni udongo tu. Kwa hiyo Mwingereza hajifunzi maneno 3,000, anajifunza kalibu moja, na iliyobaki anafyatua kila anapotaka.

Sisi nasi tunayo kalibu, ila imejengwa kwa namna nyingine. Tunasema kalewa chakari, kalewa tilalila, kalewa bwii, kalewa njwii. Muulize msemaji "njwii" ni nini peke yake, atacheka. Ni tanakali, ni sauti inayopaka rangi kitenzi kilichotangulia. Ukitaka kubuni yako, buni: sema kalewa ndwambwa, na anayekusikiliza atajua kwamba hali ilikuwa mbaya. Tofauti ni kwamba Kiswahili kwa kawaida hukiacha kitenzi "kulewa" mezani na kukiongezea mkia, wakati Kiingereza hukitupa kitenzi na kuuachia mkia usimame peke yake. Ndiyo maana mgeni wa Kiingereza anapotea pale ambapo mgeni wa Kiswahili hapotei: asiyejua "chakari" bado amesikia "kalewa".

Hizo "-ed" zina jambo lingine. Nyingi ni kauli ya kutendwa. "Hammered" ni aliyepigwa nyundo, "smashed" ni aliyevunjwavunjwa, "bombed" ni aliyepigwa bomu, "plastered" ni aliyekandikwa lipu. Aliyefanya hayo hatajwi. Msimuliaji anajitokeza kama mtu aliyepatwa, si kama mtu aliyeinua glasi saba kwa mkono wake mwenyewe. Kiswahili kinaufikia ujanja huo huo kwa njia yake, kwa kuifanya pombe yenyewe iwe mtenda: pombe imemzidi, pombe imemkolea. Mnywaji ni kama alikuwa anapita tu.

Bahari, jiko na vita

Udongo unaoingia kwenye kalibu hutegemea watu wanafanya kazi gani. Uingereza ilikuwa nchi ya mabaharia, na baharia anayeyumba juu ya nchi kavu ni picha waliyoiona kila siku bandarini. Msemo wa "three sheets to the wind" hutafsiriwa vibaya mara nyingi, kwa sababu "sheet" nje ya chombo ni shuka, na wengi wanadhani ni tanga tatu zilizojaa upepo. Siyo. Kwa mabaharia "sheet" ni kamba inayoifunga ncha ya chini ya tanga, ile ambayo manahodha wa majahazi wa Lamu na Zanzibar huiita demani. Demani moja ikichomoka, tanga linapigapiga ovyo. Zikichomoka tatu, chombo chenyewe kinayumba na hakishiki njia. Watu wa pwani wangeuelewa msemo huu kuliko Mwingereza wa leo ambaye hajawahi kushika kamba.

Kutoka baharini pia ndiko lilikotoka neno "groggy". Admirali Edward Vernon alikuwa na kawaida ya kuvaa koti la kitambaa kizito kiitwacho "grogram", na mabaharia wakamwita Old Grog. Mwaka 1740, akiwa na kikosi chake katika visiwa vya Karibi, alichoka na wanamaji waliokuwa wanapewa nusu painti ya ramu kavu kila siku na kuinywa kwa mkupuo. Akaamuru kila nusu painti ichanganywe na painti mbili za maji, na igawiwe kwa awamu mbili. Wanamaji hawakufurahi. Kinywaji hicho kilichopunguzwa makali wakakipa jina lake, "grog", na aliyekizidisha akawa "groggy". Leo "groggy" imetoka kwenye pombe kabisa. Anaitwa hivyo mtu aliyeamshwa usingizini au aliyetoka kwenye dawa ya usingizi hospitalini. Lakini huko Australia "grog" bado ni pombe ya aina yoyote. Mgao wa ramu katika jeshi la wanamaji la Uingereza wenyewe ulidumu mpaka tarehe 31 Julai 1970. (Huyu Vernon, kwa walio na hamu, ndiye ambaye jina lake lilipewa lile shamba la George Washington, Mount Vernon; kaka yake Washington kwa baba aliwahi kutumika chini yake.)

Jiko nalo limetoa sehemu yake: "stewed", "pickled", "fried", "boiled". Maneno ya vita na uharibifu ndiyo yanayotawala sasa, hasa kwa vijana. Ukiisoma orodha ya Franklin baada ya kusikiliza vijana wa London leo, unahisi upole fulani katika ile ya zamani. Mwezi mara mbili, kiatu kinachobana, safari ya Yerusalemu; hakuna anayepigwa nyundo.

Neno lile lile, nchi nyingine

Hapa ndipo Mswahili aliyehamia ughaibuni anapaswa kuwa macho. Neno "pissed" ndilo tego kubwa. Wengi wetu tumelipata kwenye filamu za Marekani, ambako maana yake ni kukasirika, na vijana wa Nairobi wanalitumia hivyo hivyo. Uingereza, Ayalandi na Australia "pissed" ni aliyelewa. Mwenye hasira kule ni "pissed off", na hicho kijineno cha mwisho hakiachwi. Fikiria mhudumu wa wazee aliyetoka Mombasa, yuko Manchester, anampigia simu msimamizi wake saa moja asubuhi kueleza alivyoudhiwa na ratiba ya zamu, akimwambia kwamba yuko "pissed". Msimamizi amesikia mfanyakazi anayejitangaza kuwa kazini amelewa. Na pande zote neno hilo ni la mitaani, si la kutamkwa mbele ya bosi hata likieleweka.

Australia wana tego la kistaarabu zaidi. Huko "full" ni mojawapo ya maneno ya kulewa: "full as a goog", amejaa kama yai, au "full as a boot", amejaa kama buti. Ukishukuru chakula kwa kusema "I'm full" watakuelewa, ila usishangae mzee wa mezani akitabasamu. Waskoti walifika hapo mapema zaidi, kwani neno lao la kale "fou", ambalo mshairi Robert Burns alilitumia sana mwishoni mwa karne ya 18, asili yake ni "full" hiyo hiyo.

Uskoti ni shamba lenye rutuba na ningeweza kukaa hapo siku nzima. "Blootered", "guttered", "stotious", na lile wanalolipenda kuliko yote, "steaming". Glasgow wana kisa chao kuhusu neno hili. Mwaka 1853 sheria iliyojulikana kama ya Forbes Mackenzie ilifunga baa za Uskoti siku za Jumapili. Meli za abiria za mto Clyde, zilizoendeshwa kwa mvuke, hazikuguswa na sheria hiyo, kwa hiyo wenye kiu walikata tiketi, wakapanda, wakanywa kutwa nzima wakiwa juu ya maji, na jioni wakashuka wakipepesuka. Tundu hilo liliachwa wazi mpaka 1882. Hivyo aliyelewa akaitwa "steaming", kwa meli ya stima. Sheria ni ya kweli na meli ni za kweli. Kuhusu neno, mimi nina shaka. Lugha hiyo hiyo ina "boiled" na "stewed", ambazo zinatoa mvuke bila kuhitaji meli, na kisa kinachokaa sawa mno mara nyingi kimeshonwa baadaye.

London wana mtindo wao wa kuficha. Watu wa mashariki mwa jiji huchukua msemo wa maneno mawili au matatu ambao mwisho wake una vina na neno linalofichwa, kisha hukata mwisho wenyewe na kubakiza mwanzo. Brahms na Liszt ni watunzi wawili wa muziki wa karne ya 19. "Liszt" ina vina na "pissed". Basi aliyelewa ni "Brahms and Liszt", na baada ya muda ni "Brahms" peke yake. "Elephant's trunk", mkonga wa tembo, ina vina na "drunk", kwa hiyo mtu anaweza kusemwa yuko "elephants". Mgeni aliyekuja na kamusi hana njia ya kufika hapo, na ndiyo kusudi la mtindo wenyewe.

Waayalandi wanasema "locked", "fluthered", "ossified" yaani aliyegeuka mfupa, na huko Cork wanasema "langers". Wamarekani walipata msukumo mkubwa katika miaka ya marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933, wakati kutengeneza na kuuza pombe kulikuwa kosa na watu waliendelea kunywa. Mwaka 1927 mhakiki Edmund Wilson alichapisha orodha ya maneno yapatayo 100 ya wakati huo, akayapanga kuanzia ulevi mwepesi hadi ule wa kupitiliza. Mwanzoni kuna "lit", aliyewashwa taa. Mwishoni kuna msemo wa kuwaka kwa mwali mdogo wa buluu, na hapo nadhani mtu alihitaji kuitiwa daktari. Siku hizi kijana akisema sherehe ilikuwa "lit" anamaanisha ilinoga, hata kama walikunywa soda.

Wahamiaji nao walileta mizigo yao. "Shickered", inayosikika Australia na New Zealand, ilitoka kwa Wayahudi wasemaji wa Kiyidi, nao waliitoa kwenye Kiebrania "shikor", mlevi. Mzizi huo ndio wa Kiarabu "sakran", na ndio uliomo katika sakaratulmauti ya Kiswahili, ule ulevi wa kukata roho. Mlevi wa Sydney na mgonjwa mahututi wa Unguja wanakutana kwenye herufi tatu za mzizi mmoja.

Kiingereza cha nchi zilizotawaliwa kimejichagulia njia. Nchini India utasikia "tight", neno ambalo Uingereza limeshazeeka, na kando yake "talli" la Kipunjabi. Nigeria pombe ni "shayo". Kenya mtu aliyekunywa husema yuko "high", neno ambalo Mwingereza na Mmarekani wa leo wataliweka kwanza kwenye bangi. Na akirudi kwenye Sheng atasema yuko maji. Singapore hawakuzubaa: wana sanamu ya simba mwenye mwili wa samaki, Merlion, iliyosimama tangu 1972 na kutema maji mdomoni usiku na mchana. Aliyezidiwa na pombe akainama kando ya barabara, kule wanasema anafanya "merlion".

Pazia linavyochakaa

Turudi kwa wale wasiotaka kusema kabisa. George Brown alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza kati ya 1966 na 1968, na unywaji wake ulijulikana. Magazeti yalikuwa na tatizo: ukiandika kwamba waziri alikuwa amelewa, sheria ya kashfa inakutaka wewe uliyeandika uthibitishe. Jarida la dhihaka la Private Eye likaeneza msemo wa kumwelezea mtu wa namna hiyo kuwa "tired and emotional", amechoka na amejawa na hisia. Nani atakwenda mahakamani kulalamika kwamba ameambiwa amechoka?

Msemo ulifana mno, na hapo ndipo ulipoharibika. Baada ya miaka kadhaa kila Mwingereza alijua maana yake, na leo ukiandika kwamba mbunge fulani alionekana "tired and emotional" umeshasema amelewa kama vile umetumia neno lenyewe. Tafsida yoyote ina safari hiyo. Kwetu ukisema mzee "amechangamka" kuna watu wataelewa ana furaha na wengine watauliza ni chupa ya ngapi. Pazia likishaonekana ndani, linatafutwa jingine, na lile la kwanza halitupwi, linaongezwa kwenye orodha. Hivyo ndivyo orodha inavyokua bila mtu kukusudia: kalibu inafyatua kwa utani, na tafsida inaongeza kwa woga.

Kuna swali la kipimo pia. Maneno haya hayafanani kwa uzito, na hayapimi kitu kile kile kwa kila anayeyatumia. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa wanafunzi wa vyuo. Wavulana walielekea kutumia maneno ya nguvu kama "hammered", na wasichana walielekea kwenye "tipsy", neno la upole ambalo kamusi zinalifasiri kama kulewa kidogo. Walipouliza "tipsy" ni kiasi gani hasa, jibu la wasichana lilikuwa wastani wa vinywaji vinne ndani ya saa mbili. Kwa vipimo vya afya vya Marekani, vinne kwa mwanamke kwa muda huo ni unywaji wa kupindukia. Neno laini lilikuwa linafunika kiwango ambacho neno gumu lingekifichua.

Sheria ya Uingereza ilipita njia hiyo hiyo ya kuchoshwa na maneno. Sheria ya leseni za pombe ya 1872, ambayo bado inatumika, inamkamata mtu aliyelewa akiwa na ng'ombe, farasi, gari la kukokotwa, injini ya mvuke au bunduki yenye risasi, ila haisemi kulewa ni nini. Kwa miaka mingi kesi za madereva ziliamuliwa kwa ushahidi wa maneno: alinuka, aliyumba, alishindwa kutembea kwenye mstari, daktari alimwona hafai. Wakili mzuri aliyapangua yote hayo. Mwaka 1967 sheria ya usalama barabarani ikaleta kipimo cha pumzi na namba: miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Uskoti waliishusha mpaka 50 mwaka 2014. Kuanzia hapo dereva anaweza kujiita "merry", "tipsy" au "tired and emotional" apendavyo. Kifaa hakina msamiati.

Baada ya maelfu yote hayo ya maneno ya usiku, cha ajabu ni umaskini wa Kiingereza asubuhi yake. Kwa kichwa kinachogonga na ulimi mkavu lugha nzima inategemea "hangover", neno lililoanza kupata maana hiyo Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na ambalo Watanzania wenye utani wamelitafsiri kuwa mning'inio. Afrika Kusini hawakuridhika nalo. Wao wanasema "babbelas", walilolipata kwenye Kiafrikaansi, nacho kikalitoa kwenye Kizulu "ibhabhalazi", na linatumiwa na watu wa rangi zote, ofisini na sokoni. Dawa yake Mwingereza anaiita unywele wa mbwa aliyekung'ata. Nairobi na Dar es Salaam wanaita kutoa loku, na supu ya pilipili ikiwepo pembeni hakuna anayeuliza mbwa ni wa nani.